Tela la kulala lenye umbo la tone: nimelijenga mwenyewe gereji, likaoza, nimelijenga upya

#1 Msafiri_Ohio (mleta uzi)

Wakuu, habari za siku.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu. Wengi mmenifuata inboksi mkiulizia lile tela dogo la mbao lenye umbo la tone la maji, mliloliona kwenye picha za safari yetu ya Hocking Hills. Leo niko mapumziko, nimekaa kitako niandike yote, na naanza na ubaya. Tela lile linalong'aa kwenye picha, miezi saba baadaye nilibonyeza kidole gumba ubavuni, juu kidogo ya taa ya nyuma ya kulia, kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Plaiwudi ya milimita 18, imepakwa epoksi (gundi ya kukoroga inayokauka ngumu kama plastiki), juu yake rangi mikono mitatu. Imeoza. Sababu nitaieleza, na kama unasoma hapa ukiwa na nia ya kujenga la kwako, hilo ndilo la kushika kuliko yote.

Kwa wasionijua, naishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni lori. Kulala barabarani nimezoea, ila ni kulala peke yangu. Mama watoto alitaka tutoke wote wikiendi, na Hocking Hills haiko mbali, unashuka na barabara ya US-33 kwa saa moja hivi unafika kwenye mapango na maporomoko. Hema tulijaribu mara mbili. Mara ya pili mvua ilitukuta usiku, tukaamka godoro limelowa kwa chini, mgongo ukamsumbua wiki nzima. Nikaanza kutafuta kitu ambacho gari letu linaweza kuvuta. Tuna RAV4 ya silinda 4, kitabu chake kinaruhusu pauni 1,500, yaani kilo 680. Matela ya kawaida ya kulala yote yalikuwa yanapita hapo.

Haya madogo Wamarekani walianza kuyajenga miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaenea sana, na mwaka 1947 gazeti la Mechanix Illustrated likachapisha ramani yake, mtu wa kawaida akawa anaweza kujenga nyuma ya nyumba yake. Vipimo vinajieleza: urefu futi 8, kimo futi 4, upana futi 4. Hicho ni kipimo cha karatasi moja ya plaiwudi. Ubavu mmoja, karatasi moja. Unakata kona ziwe duara, mkia unauteremsha taratibu, umepata tone.

Ndani ni kitanda, hakuna kingine. Nne kwa sita na nusu, na hiyo nne imeliwa na unene wa kuta, zinabaki sentimita 118. Huwezi kusimama, ukikaa kichwa kinakaribia dari. Jiko liko nyuma: unainua mlango wa mkia kwenda juu, unakuta meza, rafu, beseni. Unapika umesimama nje na mlango umekuwa paa lako. Miguu ya aliyelala inaingia chini ya rafu za jiko, ndiyo maana urefu unatosha.

Fremu nilinunua ya kufunga kwa bolti, futi 4 kwa 8, magurudumu ya inchi 12, uwezo pauni 1,720 (kilo 780). Sakafu plaiwudi, chini yake nikapaka lami ya kuezekea mikono miwili.

Kuchora ule mpindo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Nilichukua ufito wa mbao laini wa futi 12, nikagonga misumari kwenye plaiwudi, nikaupinda ufito ukafuata misumari, halafu nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Jicho linaona kasoro ambayo futi haioni. Palipokuwa na kibonye nilisogeza msumari nusu inchi, nikarudi tena nyuma. Jioni tatu nilifanya hivyo kabla sijagusa msumeno. Kisha nikabana karatasi mbili pamoja, nikazikata kwa mpigo mmoja na kuzipiga msasa zikiwa zimebanwa, ubavu wa kulia na wa kushoto vikatoka sawasawa.

Kati ya ubavu na ubavu unapitisha vijiti vya mbao kuanzia mbele mpaka nyuma, kila baada ya sentimita 25 hivi. Katikati yake unajaza povu gumu la kuzuia joto na baridi. Juu yake plaiwudi nyembamba ya milimita 3 inayopindika. Hapa nilivunja karatasi moja. Nilikuwa nimeilaza nyuzi zake zikienda na urefu wa tela. Nilipofika kwenye mpindo wa mbele ikalia "pa!", ikapasuka upana mzima. Ya pili nikaigeuza, nyuzi za uso zikaenda kwa upana, nikailowesha kwa mataulo ya maji ya moto, nikaifunga kwa mikanda ya kubania mizigo na kuiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekaa yenyewe kama imezaliwa pale.

Kuhusu kuoza nitaandika nikirudi. Watoto wananiita.

#2 Seremala_Pwani

Bwana mdogo, kazi nzuri. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefanya kazi ya majahazi na madau tangu kijana, sasa umri umekwenda. Hivyo vijiti unavyovipitisha toka ubavu kwenda ubavu, kwetu vinafanana na mataruma, yaani mbavu za chombo, ila wewe umevilaza juu na sisi tunaviweka chini. Na ule ufito na misumari, wazee wangu hata msumari hawakutumia, walitazama kwa jicho tu.

Sijaona lilipooza lakini nitakisia. Ulitoboa tundu baada ya kupaka rangi, na tundu hukulinywesha kitu. Mbao hainywi maji kwa uso wake, inanywa kwa kichwa. Pale nyuzi zilipokatwa kila moja ni mrija. Plaiwudi ukiitoboa umefungua vichwa pande zote za tundu.

Kweli au si kweli?

#3 Msafiri_Ohio

Mzee wangu shikamoo. Umepiga palepale, wala hujaliona.

Ilikuwa hivi. Tela likakamilika Septemba, limepakwa, limekauka, nimefurahi. Nikakumbuka waya wa taa ya nyuma haujapata njia. Nikachukua drili, nikatoboa tundu la milimita 10 ubavuni, nikapitisha waya, nikafunga taa, pembeni nikazungushia silikoni. Dakika tano. Ndani ya lile tundu palibaki plaiwudi tupu, nyeupe.

Taa ikitikisika barabarani silikoni inaachia upande mmoja. Maji ya mvua yanateremka ubavuni, yanaingia nyuma ya taa, yanakaa. Theluji ya Januari inayeyuka mchana, usiku inaganda, inasukuma zaidi. Kwa nje rangi haikubadilika hata kidogo, kwa sababu epoksi ilizuia maji yasitoke kama ilivyozuia yasiingie. Mwezi wa 4 naosha tela, naona rangi imevimba kidogo, ukubwa wa sarafu. Nikabonyeza.

Nilipofungua, uozo ulikuwa umetembea sentimita 30 kwenda juu na karibu 20 kwa upana. Kutoka kwenye tundu moja la milimita 10. Nilikaa chini pale gereji nikalitazama muda mrefu. Nilikuwa nimetumia miezi mitano ya jioni zangu.

Matengenezo nimefanya hivi, na ndivyo ningejenga tangu mwanzo.

Nilikata sehemu yote mbovu mpaka nilipokuta mbao ngumu na kavu, halafu nikaongeza inchi mbili. Kingo za tundu nikazichonga ziwe mteremko, kiraka nacho nikakichonga mteremko, vikalaliana badala ya kugusana vichwa. Gundi epoksi, vibanio, siku mbili.

Kisha nikaja kwenye kila tundu la tela zima: skrubu za bawaba, dirisha, waya, feni ya juu. Ndiyo, yote. Kila tundu nikalitoboa upya liwe kubwa kuliko linavyotakiwa, nikalijaza epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao ikawa nzito kama ugali wa mtoto, ikakauka. Halafu ndani ya ile epoksi ngumu nikatoboa tundu la kipimo chenyewe. Skrubu sasa inapita kwenye plastiki tupu, hakuna mahali inapogusa nyuzi za mbao. Hata silikoni ikiachia, maji hayana pa kunywewa. Wajenzi wa boti wanafanya hivi miaka yote. Matundu 94 nilihesabu, wikiendi tatu.

Na silikoni yenyewe niliikwangua yote. Rangi haishiki juu yake, na ukiitoa inaacha mafuta ambayo hata gundi nyingine haishiki. Chini ya kila kitu kinachofungwa kwa skrubu naweka utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ubani uliotafunwa. Hauganduki, hauwi mgumu, unafuata mtikisiko.

#4 Seremala_Pwani

Marahaba. Ndiyo kazi hiyo. Kwetu mianya ya mbao na mbao tunatia kalafati, pamba iliyolowa mafuta, na chombo kinapandishwa pwani kutazamwa kila baada ya muda. Chombo hakijengwi mara moja kikaachwa. Na wewe tela lako lipangie siku ya kulikagua.

#5 NjeYaMji_Nairobi

Hamjambo wote. Nimesoma kwa makini mno, ahsante kaka kwa kutoficha.

Mimi niko Nairobi na nataka kujenga la kwangu niwe nalipeleka Naivasha na Nanyuki. Mafundi wa jua kali wa kunichomelea fremu ninao. Plaiwudi ya marini, ile ya boti, inapatikana. Maswali yangu: kuna kitu kwenye ramani za huko Marekani nibadilishe? Na barabara zetu za vumbi, mbao zitastahimili? Na watu wawili kweli mnatosha kwenye futi nne?

#6 Msafiri_Ohio

Karibu dada.

Cha kwanza ni mlango. Ramani nyingi zenye mlango mmoja zinauweka kulia, maana huku tunaendesha upande wa kulia na ukiegesha unashukia pembeni mwa barabara. Ukifuata ramani hiyo bila kufikiri, Kenya utashukia katikati ya magari. Uhamishie kushoto. Mimi nimeweka milango miwili, na nakushauri hivyo ukiweza, kwa sababu anayelala ukutani akitaka kutoka usiku hamruki mwenzake, na madirisha mawili yanayotazamana yanapitisha upepo.

Futi nne kwa watu wawili ni kubanana. Sisi tumezoea, lakini kama ningeanza upya ningejenga futi tano kwa upana, godoro la tano kwa sita na nusu, na fremu ingekuwa pana kidogo. Wewe fremu unachomelewa, basi mwambie fundi tangu sasa.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi haivunji mbao, inalegeza. Skrubu peke yake itatembea. Kila kiungo kiwe na gundi, skrubu ni ya kubania tu gundi ikauke. Na vumbi linaingia kupitia ule mlango wa nyuma, kwa hiyo hapo pana maelezo marefu kidogo.

Mlango wa mkia umepinda, na ukishautoa kwenye vibanio unajinyoosha. Wangu ulijinyoosha milimita 9, pakabaki mwanya kwa chini unaopitisha kidole. Nilikuwa nimeutengeneza kwa kupinda mbao na kuzilazimisha. Kwenye matengenezo nikaubomoa. Mbavu zake safari hii nimezikata kwenye plaiwudi nene kwa mpindo uleule wa ubavu wa tela, hazijapindwa kwa nguvu, kwa hiyo hazina hamu ya kunyooka. Pembeni nikaweka mpira mara mbili, mmoja unafinywa mlango ukifunga, wa pili unakaa ndani yake. Katikati ya mipira hiyo miwili kuna mfereji, maji yakipita wa kwanza yanateremka hapo mpaka chini, nje. Kwa juu, bawaba ni ndefu ya aluminiamu inayokwenda upana mzima, na juu yake nikafunika kipande cha karatasi ya aluminiamu kama kipaa, maji yaruke bawaba.

#7 Kijana_Mwanza

Kaka mkubwa heshima yako. Mimi nina IST, cc 1300. Itavuta? Na nimesikia matela yanayumba mpaka yanapindua gari.

#8 Msafiri_Ohio

Mdogo wangu, fungua kitabu cha gari lako kwanza. Kuna magari madogo ambayo mtengenezaji hakuyapa ruhusa ya kuvuta kabisa, na hapo jibu ni hapana, hata kama injini ina nguvu. Tatizo kubwa kuliko kuondoka ni kusimama na kushuka mlima.

Kuyumba ni kweli, na limenikuta mimi ninayevuta tela la futi 53 kila wiki. Safari ya kwanza, US-33, maili 60 kwa saa, lori likanipita, mkia ukaanza kucheza kushoto kulia, kila mcheza ukazidi uliotangulia. Mke wangu alishika dashibodi hakusema neno. Nilichofanya, na ndicho cha kufanya: nikaachia mafuta taratibu, usukani nikaushika umenyooka, breki ya gari sikugusa. Likatulia. Ukikanyaga breki kwa pupa au ukaanza kulifukuza kwa usukani, unaliongezea.

Sababu nilikuwa naijua kazini, kwenye tela langu sikuipima. Uzito unaokaa juu ya tufe la kuvutia, lile duara la chuma nyuma ya gari linaloshika tela, uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela. Tela likiwa na mizigo nililipeleka kwenye mizani ya malori, kilo 520. Mkono wa mbele wa tela nikaukalisha juu ya mizani ya bafuni, gogo chini yake liwe kwenye kimo cha tufe. Kilo 27. Asilimia 5! Jiko liko nyuma, vyombo nyuma, na betri nayo nilikuwa nimeiweka nyuma kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Betri ile ya asidi ya saa-ampia 100 ina kilo 28. Niliihamishia kwenye sanduku mbele, nikapima tena: kilo 61, karibu asilimia 12. Tangu siku hiyo halijacheza, hata malori yakinipita kwa upepo wa ubavuni.

Kwa hiyo ukijenga, ekseli isiwe katikati ya tela. Asilimia kama 60 ya urefu wa boksi iwe mbele yake. Na maji na betri vitafutie mahali kabla hujakata mbao.

Kuhusu umeme niseme haraka: betri ya asidi usiimalize, itumie nusu tu, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Sisi tunatumia taa mbili ndogo, feni, na kuchaji simu. Sola ya wati 100 inatosha. Taa za barabarani huku ni waya nne, mweupe ethi, kahawia taa za usiku, njano kushoto, kijani kulia. Huko uliko uliza fundi umeme wa malori wanafuata mpango gani.

#9 MamaBustani

Samahani mleta uzi, nina swali la baridi. Niko Iringa, usiku huku mwezi wa 6 na wa 7 ni balaa. Kijumba kidogo namna hiyo si ukiweka jiko dogo la mkaa nusu saa tu kinapata joto, halafu unalitoa?

#10 Msafiri_Ohio

Dada yangu, hapana. Nakuomba sana, usifanye hata dakika tano.

Kila mwaka kule nyumbani tunasikia familia imelala na jiko la mkaa chumbani haikuamka. Chumba kina mita za ujazo 25 au 30. Ndani ya tela hili hakuna hata 3. Ile hewa ya sumu ya mkaa (kaboni monoksidi) haina harufu wala haiwashi macho, unahisi usingizi mzuri. Na jiko la gesi vilevile, kupika ni nje, nyuma. Ndani yangu nimeweka king'ora cha hewa hiyo karibu na kichwa cha kitanda, ingawa sina moto wowote ndani, kwa sababu jirani kambini anaweza kuwasha jenereta.

Joto la watu wawili linatosha kuliko unavyodhani. Kuta zikiwa na lile povu, na blanketi nzito, sisi tumelala humo, nje ikiwa nyuzi 2, tukaamka vizuri. Shida ya baridi ni umande. Watu wawili usiku kucha wanapumua maji zaidi ya kikombe, yakigusa dirisha la baridi yanateremka kwenye godoro na ukuta. Ule uozo wa ndani huanzia hapo. Kwa hiyo hata kwenye baridi feni ya juu inazunguka polepole na dirisha moja liko wazi vidole viwili. Chini ya godoro nimetoboa sakafu ya kitanda matundu ipumue. Kila tundu limenyweshwa epoksi, mzee wa Tanga asiwe na wasiwasi.

#11 Seremala_Pwani

Nimeona. Umelijaribu kwa maji baada ya matengenezo, au unangoja mvua ikujaribie?

#12 Msafiri_Ohio

Mzee, nilingoja rangi iive wiki mbili, ndiyo nimelijaribu jana.

Nilitandaza karatasi za tishu za jikoni ndani, kila kona, chini ya mlango wa mkia, nyuma ya zile taa mbili, kuzunguka feni. Tishu ni nzuri, hata tone moja linaacha doa. Kisha mpira wa bustani, dakika 20 kila upande, nikianzia chini nikipanda juu, ili kama linavuja nijue ni kimo gani. Mke wangu alikaa ndani na tochi, milango imefungwa, akiniita kila akihama kona.

Taa ya kulia kavu. Ya kushoto kavu. Feni kavu. Mlango wa mkia kona ya chini kushoto akaniita: doa ukubwa wa punje ya mchele. Nikazima maji, nikafungua. Mpira wa ndani ulikuwa umeungwa hapohapo kwenye kona, na maungio yalikuwa yameachana unene wa karatasi. Nimeutoa wote leo asubuhi, nimeweka mpira mmoja mrefu usio na kiungo pembeni na chini, ncha zake zimeishia juu chini ya kile kipaa. Nimerudia dakika 20. Tishu imetoka kavu, nimeikunja nimeiweka kwenye droo ya jiko.

Ijumaa jioni tunashuka Hocking Hills. Siku ya kukagua nimeipanga kama ulivyosema, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 4 na ya kwanza ya mwezi wa 10. Picha za mbavu za mlango nitaweka nikirudi, dada wa Nairobi alinikumbusha inboksi.